Godoro Kwenye Mkokoteni

Tume ya uchaguzi ilikuwa imetangaza mshindi, upande wa pili, uliopigiwa kura na wengi wa kwetu, ukakataa, kesi ikapelekwa mahakamani Nairobi. Kwenye redio wasomi walituhimiza tuwe na imani na taasisi. Mimi ni fundi wa nguo, mzaliwa wa magharibi, na hapa Eldoret nimepanga chumba kwenye ploti ya mama mmoja Mkalenjin, mwenyeji wa huku na kabila moja na mshindi. Imani yangu iliisha nikiwa msichana, mwaka ule wa ghasia za uchaguzi, tulipolala uwanjani kwa polisi tukitazama moshi upande wa nyumba yetu.

Hapa hakuna anayeaga kwamba anakimbia wakati wa uchaguzi. Unasema unaenda matanga, au unaenda kumwona mama mgonjwa. Siku chache kabla ya hukumu, nilipakia cherehani na godoro kwenye mkokoteni, viende kwetu magharibi na lori lililoleta ndizi. Mama mwenye ploti alikuwa akikamua ng'ombe wake karibu na geti. Nikamwambia cherehani imeharibika, inaenda kutengenezwa. Na angeuliza godoro je? Hilo sikuwa nimelitungia uongo. Akasema tu, "Haya, Mama." Na huyo ni mtu ambaye hawezi kukuona na vitunguu asiulize umenunua wapi.

Kesho yake zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe hayupo, wajukuu anaoishi nao hawapo. Nilimpigia mume wangu, ambaye ni mlinzi huko mjini.

"Wenyeji wenyewe wamehamisha ng'ombe," nikamwambia.

"Basi kuna kitu wanajua. Watoto wasitoke nje."

Nami niliamini hivyo hivyo, kwamba mwenyeji hahamishi ng'ombe kwa sababu ya uvumi. Kuanzia hapo watoto walishinda ndani, viatu miguuni, tayari kukimbia.

Siku ya hukumu maduka yalifungwa. Redioni majaji walisoma Kiingereza kirefu, hoja baada ya hoja. Labda walisoma vizuri, sijui, kwa sababu masikio yangu yalikuwa kwenye geti. Waliposema matokeo yanasimama, honi za bodaboda zikalipuka barabarani. Watu wanaoshangilia na watu wanaokujia, ukiwa umejifungia ndani, huwezi kuwatofautisha. Niliwasukuma watoto chini ya kitanda. Kisha mtu akabisha mlango.

Nilichungulia, nikaona ni mama mwenye ploti, peke yake, leso begani, nikamfungulia.

"Mama, watu wenu walikuwa wamekuambia nini?" akauliza.

"Watu wetu gani?"

"Si niliona ukitoa godoro. Nikajua umepigiwa simu, kwamba tutavamiwa. Ndio nikapeleka wajukuu kijijini Chepsaita, na ng'ombe."

"Mimi nilikuwa naogopa nyinyi."

Akakaa kwenye stuli. "Na sisi tulikuwa tunaogopa nyinyi."

Ungedhani tungecheka. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la leso.

"Hao wajukuu wanataka kurudi," akasema baadaye. "Nimewaambia wangoje kwanza, nikuulize wewe kama kuko salama."

Tume ilikuwa imesema, majaji walikuwa wamesema, na bado alikuwa amevuka ua kuja kuniuliza mimi. Watoto wangu walikuwa bado chini ya kitanda.