Meno ya Mke Mwenzangu

Mimi niliishia darasa la nne, lakini meno yangu yote yapo na mfupa wa mbuzi bado nautafuna. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa Manyoni, ana cheti ukutani, na binti yake wa miaka minne ana meno meusi kama mbegu za tikiti.

Mjukuu huyo namwita mke mwenzangu, ndivyo tunavyotaniana. Walipokuja likizo nikampa hindi la kuchoma. Aling'ata mara moja, akashika shavu, akalia.

"Mama, hajazoea vitu vigumu," mkamwana akasema, akamtolea soda mkobani.

Soda! Asubuhi biskuti, mchana juisi ya pakiti, na chai yenyewe kijiko kinakaribia kusimama kwa sukari.

"Unalea mtoto au unafuga nyuki?"

"Ni meno ya utoto tu, mama. Yatang'oka."

"Na nywele zako zitaota tena. Lete kichwa nikunyoe."

Siku ya tatu shavu lilivimba, ugali hataki, uji hataki. Tukaenda hospitali. Nilimbeba mgongoni mwenyewe, nikiwa na hamu ya kumsikia mkamwana akisemwa na mtaalamu. Kwa daktari sikungoja kuulizwa. Nilitaja soda, biskuti, pipi, juisi, vyote, na mkamwana ameinamisha kichwa.

Daktari, msichana mdogo tu, akamgeukia mtoto. "Na kwa bibi unakula nini kitamu?"

"Asali! Bibi ananipaka na kidole nikitaka kulala. Na nyumbani mama ananipaka ya bibi."

Kweli. Asali ya Itigi, ya kaka yangu. Kila mara nilituma dumu kwa basi, na maagizo yangu: mpake kila anapolala, asisumbue. Ndivyo nilivyolelewa. Niliona haina ubaya kwa kuwa haitoki dukani.

"Bibi, asali nayo ni sukari," daktari akasema. "Akilala nayo mdomoni, meno yanaliwa."

Mkamwana hakucheka. Afadhali angecheka. Mjinga mzima nilikuwa nimekaa pale, na mdomo wangu mrefu.

Yaling'olewa mawili. Mtoto alilia akimkumbatia mama yake. Mimi hata kunitazama hakunitazama.

Jioni, alipoanza kusinzia, alinisogelea na pengo lake. "Bibi, kidole."

Nikakificha ndani ya khanga. "Kidole kimekufa. Nenda kwa mama yako akupige mswaki."