Pikapu ya Baba Ilipopimwa Moshi

Baba alikuwa akikohoa tangu kahawa ilipoanza kuchumwa, na kila nikitaja hospitali alikumbuka kazi ya haraka zizini. Mimi kazi yangu ni kupima moshi wa magari. Nazunguka na bosi wangu na mashine yenye ukubwa wa sanduku la shule. Mpira wake wa kuvutia moshi tunaufunga kwenye bomba la gari, gari linaendeshwa barabarani, nayo mashine inaandika yote yanayotoka. Wiki hiyo tulikuwa na magari ya petroli ya kutosha. Tulilokosa ni la dizeli, tena kuukuu, na kwa ukuukuu sijui gari la kushindana na pikapu ya baba hapa Nyeri.

Nilipomwomba alikubali, ila kwa sharti.

"Ikipita," akasema, "hiyo maneno ya hospitali imeisha. Usiniambie tena."

"Na ikianguka?"

"Nitaenda. Lakini haiwezi anguka. Hii gari iko na kifua kunishinda."

Nikakubali upesi, bila aibu yoyote. Moshi wa pikapu hiyo naujua tangu utotoni. Kanisani watu walijua tumefika kabla hawajatuona.

Asubuhi ya kupimwa nilimkuta amechuchumaa nyuma ya gari, anasugua bomba la moshi kwa sabuni na waya wa kusugulia sufuria, mkono umezama ndani hadi karibu na kiwiko. Bomba lilimeremeta. Pikapu yenyewe aliiacha na tope lake, kwa kuwa hilo halikuwa kwenye mtihani.

Tuliondoka na bosi wangu, sote watatu tumebanana mbele, na tulipokaribia Gatitu gari likaanza kukwamakwama. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kabisa.

"Baba, hukuweka mafuta?"

"Mama yako akienda kupimwa sukari, si aliambiwa asikule?"

Bosi wangu, ambaye ni mtu wa heshima, aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Tukaingia kituo cha mafuta, pikapu ikafungua kinywa.

Hapo tukafunga mpira wa mashine, tukashika barabara ya Kiganjo, bosi mbele na baba, mimi nyuma nimeikumbatia mashine. Kwenye mteremko wa kwanza nikasikia kimya. Baba alikuwa amezima injini na kuliachia gari lijiendee lenyewe. Namba zikashuka mpaka ungedhani mpira tumeufunga kwenye chungu cha maua. Baiskeli yenye kreti za mikate ikatupita. Nikagonga kioo.

"Baba, washa gari."

"Ati niwashe ya nini na inaenda?"

Bosi akaandika kwenye daftari lake kwamba mteremko usihesabiwe.

Kisha ukaja mlima, na hapo ujanja ulikwisha. Baba alikanyaga mafuta, pikapu ikatoa yote iliyokuwa ikificha. Mama mmoja aliyeanika mahindi kando ya barabara alikimbia kuyafunika kwa leso. Namba zilipanda hata nikadhani nimeharibu mashine. Nilicheka mpaka machozi. Kisha upepo ukageuka, moshi ukaingia kwa madirisha, na baba akasimamisha gari ili akohoe. Alikohoa ameinamia usukani, mikono yote miwili imeushika. Mimi nilimaliza kucheka, yeye hajamaliza kukohoa. Niliogopa sana.

Tuliporudi bosi alimpa karatasi ya majibu. Baba akavaa miwani, akaisoma juu hadi chini, ingawa ilikuwa na mistari tu ya kupanda na kushuka.

"Imeanguka," nikamwambia. Nilikuwa nimeshinda na sikufurahi hata kidogo.

"Kama mteremko iliondolewa," akasema, "hata mlima wangeondoa."

Lakini Alhamisi alivaa suti ya kanisa, na hospitalini akaketi wima. Muuguzi alimpa kibomba cha kupimia pumzi akamwambia apulize. Baba akauliza kama anaweza kupuliza pole pole. Akaambiwa hapana, kwa nguvu zote. Akapuliza mara tatu, na mara zote tatu kikohozi kikamkatiza.

Tulirudi kwenye benchi kungoja daktari. Baba alikunja kofia yake, akaikunjua.

"Mami," akasema kwa sauti ya chini, kama alivyoniita mimi binti yake tangu utotoni, "kama ni mbaya, uniambie wewe. Sio daktari. Ile ya gari uliniambia wewe, na nikavumilia."

Nikasema sawa. Mlango ukafunguliwa, wakaita jina lake, na tukasimama wote wawili.