Salamu za Madereva

"Cherehani yako imemmeza mume wangu, mama! Nakwambia imemmeza mzimamzima!"

"Mume wako ni mwanangu kwanza. Na cherehani hii haijawahi kumeza mtu. Ilimeza kidole changu mara moja, ikaona hakina ladha, ikakitema."

Mkwe hakucheka. Alisimama katikati ya chumba, nguo alizotoka kuanua zimemjaa mikononi, vibanio vya nguo vikimwanguka kimoja kimoja sakafuni. Mke wa Sajenti, jirani yao, alikaa kwenye kigoda, simu mapajani, macho mekundu kama aliyekatakata vitunguu vya kikosi kizima.

Mama Kiraka aliinamia suruali ya kijeshi iliyokuwa chini ya sindano, akajifanya anatafuta uzi. Uzi alikuwa nao mdomoni.

Watu wote wa zile nyumba za askari walimjua kwa jina hilo, na walimjua pia kwa ile cherehani. Ilikuwa na kelele ambazo, kwa maelezo yake mwenyewe, ziliwahi kumtimua mwizi nyumba ya tatu, akakimbia akaacha na gunia alilokuja nalo. Alishona magwanda, akakaza vifungo, akatia viraka. Suruali za mwanawe alizijua hata gizani, maana zilichakaa mahali ambapo suruali za wenzake hazichakai: nyuma, kwenye mashavu ya miguu. Mtoto yule tangu utotoni hakuingia ndani kabla ya kusugua ncha ya kiatu nyuma ya mguu mwingine, kulia kisha kushoto. Mama Kiraka alisema ameshatia viraka vingi hapo hadi suruali zenyewe zimesahau kitambaa zilichozaliwa nacho.

Sasa mwanawe alikuwa mbali, kwenye vita, akiendesha lori la maji. Kila mwisho wa mwezi kamanda wao alituma sauti yake kwenye simu ya Mke wa Sajenti. Amri ilikuwa moja: sikilizeni mara moja, futeni, msimpelekee mtu. Adui naye ana masikio. Kamanda alizungumza taratibu, akasema vijana wanakula na wanalala, kisha akatoa salamu kwa kila kundi la watu wake: wapishi, waganga, watu wa mitambo, walinzi. Madereva aliwaweka mwisho, siku zote. Kundi likitajwa, jamaa zake walishusha pumzi. Ina maana wote wamo, wazima.

Mama Kiraka hakuweza kungoja mikono mitupu. Kamanda akianza na wapishi, yeye alikanyaga cherehani, rrrr, akapita juu ya wapishi na waganga wa watu bila huruma. Akikaribia mwisho, aliinua mguu, akawasikia madereva wake, basi. Wenzake walimlaumu, wakamzoea.

Leo aliinua mguu kama kawaida, akasikia, "Asanteni, mjitunze." Sauti ikaishia hapo. Na jirani, kwa utii wake wote, alikuwa ameshafuta.

"Labda leo amewatanguliza," alisema Mama Kiraka. "Amechoka na mpangilio ule ule. Hata mimi huanza na mkono wa kushoto nikichoka na wa kulia."

"Labda!" mkwe akamrukia. "Nimwekee mtoto wangu labda kwenye sahani? Shangazi, wewe ulikuwa na simu mkononi. Amewataja au hakuwataja?"

Mke wa Sajenti alijifuta pua kwa ukingo wa kanga. "Mwanangu, nisikudanganye. Nimesikia walinzi. Nikajua mume wangu yuko. Baada ya hapo masikio yalijaa machozi, sikusikia kitu."

"Na kabla ya walinzi?"

"Kabla ya walinzi kulikuwa na cherehani."

Mama Kiraka aliusogeza mguu mbali na kanyagio. Alikuwa na uongo elfu wa kuchekesha, hata uongo wa simba aliyemsaidia kubeba kuni. Sasa alitafuta mmoja tu wa kumtuliza mkwe, akakuta ghala tupu.

"Wakiwa safarini hawatajwi," jirani akasema kwa sauti ndogo. "Kwa usalama wa barabara. Sajenti aliniambia."

"Na wakiwa wamekufa?" Mkwe akatupa nguo kitandani. "Hao wanatajwa? Naenda ofisini kuuliza."

"Huendi."

"Naenda, mama."

Mama Kiraka akainuka, akasimama mlangoni mbele ya pazia, mkasi mkononi. "Kaa chini, binti yangu. Habari ya kifo hapa haifuatwi, inaletwa. Wanakuja wawili, hawaji mmoja kamwe. Ofisa na mtu wa dini. Umewaona?"

"Bado."

"Basi mwanangu yu hai mpaka nione watu wawili. Usiende kuwaonyesha njia."

Ndipo waliposikia kokoto za uchochoroni zikilia. Kwachu, kwachu. Buti.

Jirani aliishika simu kama inataka kuruka. "Ni mmoja?"

"Nyamaza nisikie."

"Mama, ni mmoja au wawili?"

Mama Kiraka alitega sikio. Alikuwa ameishi na askari maisha yake yote, akajua jambo ambalo sasa alitamani asingelijua: askari wawili wakitembea pamoja hukanyaga pamoja, na miguu minne husikika kama miwili. Buti zikapita mlango wa kwanza. Zikapita wa jirani. Mkwe alimshika kiuno kwa nyuma, akakaza, na ule ugomvi wote ukawa joto tu la mtu mgongoni.

Zikasimama.

Pazia lilikuwa fupi. Alilikata mwenyewe kwa kuokoa kitambaa. Chini yake zilionekana buti mbili. Akangoja nyingine mbili. Hazikuja. Akatazama vizuri. Buti za ofisini hung'aa hata ukajiona meno. Hizi zilikuwa na vumbi hadi kwenye kamba.

"Hodi ya nani hiyo isiyosema?" jirani akanong'ona.

Buti ya kulia ikainuka. Ikapotea nyuma ya mguu wa kushoto, ikasugua, ikarudi chini ncha ikiwa safi. Kisha ya kushoto.

Mkasi ukamponyoka.

"Mtoto huyu," Mama Kiraka akaanza, "suruali zote nilizomtilia vi—"

Pazia likafunguka.