Niliupaka Rangi Ukuta wa Baba

Haya ni mambo ambayo mtu mwenye akili angeyazika na kupanda viazi juu yake, lakini kwa kuwa walioyaona ni wengi, na wengine waliyaona wakiwa na nyama mdomoni, sioni faida ya kuendelea kujificha. Niliaibika mbele ya wakwe, mbele ya wazee wa ukoo wetu na mbele ya watu wa serikali, yote kwa siku moja, na chanzo chake ni mkebe mdogo wa rangi nilioununua mwenyewe bila kutumwa na mtu.

Naitwa Mwikali. Baba yangu, ambaye namwita Nau, yaani "baba" kwa Kikamba chetu, alifanya kazi katika kiwanda cha saruji huku Athi River mpaka akastaafu, na nyumba yake aliijenga chumba baada ya chumba, mwaka huu sebule, mwaka ule jikoni (ndiyo maana ukitoka sebuleni kwenda jikoni unashuka ngazi mbili ambazo hakuna fundi anayeweza kuzieleza). Mama alifia humo. Mwala tuna shamba la ukoo, ila huko Nau hana hata banda la kuku. Nyumba yake ni hiyo moja.

Basi ikaja habari ya reli. Si ile treni ya mizigo, ni treni nyepesi ya abiria ya kutoka Nairobi kuja huku kwetu, yenye kituo kila mtaa, na kukizunguka kila kituo wanataka kujenga soko, maghorofa ya kupangisha na uwanja wa watu kupumzika. Mimi husoma habari kwenye redio ndogo ya Kikamba, kwa hiyo reli hiyo niliijua kuliko wengi. Nilikaa kwenye mikutano ofisini kwa chifu, nikaziangalia ramani zikibandikwa ukutani, nikawahoji watu ambao nyumba zao zilichorwa X nyekundu na namba. Nilijua kabisa kwamba alama hiyo si hukumu. Mwenye nyumba alipewa muda wa kuja kupinga, na wakipinga wengi kituo kingeweza kusogezwa. Nililitangaza hilo jioni baada ya jioni, kwa ile sauti yangu ya habari ambayo watu husema ni nzuri.

Kisha alama ikachorwa kwetu.

Nau alikuwa amelazwa Machakos mjini, presha imempanda, na daktari alikuwa ameniambia, "Mzee asipewe habari za ghafla." Neno hilo nililishika kama amri ya kumi na moja. Siku aliyoruhusiwa kutoka nilitangulia nyumbani kwake, ambako ningekaa naye mpaka apone, ili nifagie, nikaikuta X kubwa kwenye ukuta wa mbele, rangi bado inanuka. Ningeweza kumweleza polepole baada ya chai. Badala yake nilikimbia duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua rangi ya krimu, ile ya bei ya chini kabisa, nikaupaka ukuta huo mmoja nikiwa bado nimevaa rinda la kazini.

Nau aliposhuka kwenye teksi alisimama getini akatazama kwa muda.

"Mwikali, mbona ukuta mmoja?"

"Tunangojea wageni, Nau."

"Wageni gani?"

Nikainama kuushusha mzigo wake kwenye teksi, naye akajijibu kwa furaha yake mwenyewe. Lazima nieleze. Mume wangu Musyoka, mtu wa Kithyoko, nimeishi naye mpaka mtoto wetu wa kwanza, Muema, ameanza kuota ndevu, na alikuwa hajaleta mbuzi wa ntheo. Kwetu mbuzi hao watatu ndio ndoa. Bila wao unaweza kuzaa timu nzima ya mpira na bado ukaitwa msichana wa baba yako, na ukifa, baba yako ndiye anayekuzika. Nau hakuwahi kumlaumu Musyoka hata siku moja, ila kila Krismasi humwuliza kwa upole, "Na mbuzi siku hizi ni bei gani huko kwenu?"

"Ni Musyoka?" Nau akauliza pale getini, na uso wake ulikuwa umekuwa wa kijana.

"Ndiyo, Nau," nikasema.

Kabla sijapika ugali wa jioni alikuwa ameshawapigia simu ndugu zake wote wa Mwala.

Musyoka nilipomweleza aliketi kwanza. "Kwa hivyo umenioza bila kuniuliza."

"Ni mbuzi watatu tu, baba Muema. Kithyoko wamejaa."

"Mbuzi si shida. Nina aibu nao miaka yote hii, nitawaleta. Lakini mwambie mzee ukweli kuhusu nyumba."

"Nitamwambia baada ya ntheo, akiwa na furaha. Furaha itamshikilia."

(Hiyo ndiyo iliyokuwa mipango yangu, na mimi ndiye ninayeitwa na majirani kusaidia wengine kupanga mambo yao.)

Rangi ya bei ya chini ina tabia zake. Baada ya siku chache ile X ilianza kurudi, kwanza kama kivuli, kisha waridi kabisa, ikabidi nianze kuanika nguo kwenye ukuta huo kuanzia asubuhi hadi jioni. Nikiishiwa nguo chafu nalowesha safi. Nau aliketi kwenye kiti chake cha kamba akizitazama shuka zile zile. "Hizi nguo ni za mwaka gani," akauliza, "zisizokauka na jua la Athi River?" Redio yake nayo niliitoa betri, nikamwambia imeharibika, kwa sababu kila jioni kulikuwa na mwanamke mmoja huko ndani akiwahimiza wenye nyumba waende kupinga, na mwanamke huyo ni mimi.

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, Mama Kyalo, naye alikuwa amechorewa. Alinikuta kwenye bomba la maji.

"Sisi tunaenda kupinga Alhamisi. Mlete mzee."

"Mama Kyalo, presha."

"Presha ya nyumba kuvunjwa, ama presha ya kuambiwa?"

Nikamwomba asimwambie. Akanitazama sana, akasema, "Mimi sitasema, yeye si baba yangu," akajitwika mtungi wake akaenda.

Halafu wakaja wenye reli wenyewe. Alikuwa dada mmoja mpole wa ofisi ya mipango, na faili mkononi, akigonga geti wakati Nau yuko bafuni. Akaniuliza kama mwenye nyumba yuko. Nikasema anaoga. Akauliza kama angekuja Alhamisi, kama ana pingamizi lolote, maana wanahitaji kusikia kutoka kila nyumba. Maji bafuni yakanyamaza. Nilimsikia Nau akikohoa, akitafuta ndala zake, na mtu yeyote ambaye amewahi kudanganya anajua jinsi akili inavyokuwa nyepesi wakati huo.

"Hapingi," nikasema. "Endeleeni tu."

Dada akaandika, akanishukuru, akaondoka. Nau akatoka na taulo shingoni akiuliza ni nani. Nikamwambia ni watu wa maji.

Siku ya ntheo ilifika. Watu wa Kithyoko walikuja na mbuzi kwenye pikapu, wakaimba getini mpaka wakafunguliwa, na Nau alivaa ile suti aliyomzikia mama. Ukuta nilikuwa nimeupamba kwa leso zangu za kujifunga, nikazipigilia misumari juu kabisa, na wanawake wakanisifu kwa ubunifu. Baada ya kuwapokea mbuzi na mmoja kuchinjwa, Nau aliwatembeza wakwe nyumba nzima. Niliwafuata na birika la chai nikimsikia akieleza. Hapa mama Mwikali alipenda kuketi. Hapa mjukuu wa kwanza alianza kutambaa. Ngazi hizi msiniulize. Akamshika Musyoka begani akamwambia, "Kuanzia leo hapa hupigi hodi. Hata mimi nisipokuwepo, hii ni nyumba ya watoto wako." Musyoka akanitazama. Nikamimina chai nje ya kikombe.

Tulikuwa tumeanza kula pale dada wa mipango alipoingia na vijana wawili wenye vifaa vya kupimia. Wazee wetu hawana tabia ya kumwuliza mtu amefuata nini kabla hajala, kwa hiyo akapewa kiti na bakuli la supu, na akaambiwa awasalimie watu. Akasimama, maskini, akatabasamu.

"Sitawachelewesha. Tumekuja kupima, lakini kwanza nataka kumshukuru mzee. Vile upande wa pili wote walipinga, ilibidi tukisogeze kituo upande huu. Mzee peke yake hakupinga."

Watu wa Kithyoko wakapiga makofi. Hawakujua, walidhani mkwe wao anasifiwa kwa jambo jema. Kijana mmoja akaenda ukutani kutafuta namba, akainua leso, na ile X ikasimama pale mbele ya watu wote, waridi, na juu yake alama za brashi yangu zikionekana moja moja.

Makofi yalikufa kwa zamu, meza baada ya meza.

Nau aliweka mfupa wake kwenye sahani. "Mama," akamwambia yule dada, "mimi ningeweza kukataa?"

"Ndiyo, mzee. Mpaka Alhamisi iliyopita. Lakini tuliambiwa hupingi."

"Na nani?"

Macho ya dada yalikuwa yameshanijia, na macho ya wengine yakayafuata. Mjomba wa Musyoka akauliza polepole, "Kwani nyumba hii itavunjwa?"

"Inaonekana hivyo," Nau akasema. "Mimi nasikia sasa hivi, kama wewe." Kisha akawageukia wote. "Kuleni, nyama isipoe. Hawa wametoka mbali." Na akaimaliza ile ntheo, akatubariki mimi na Musyoka kwa maneno yote yanayotakiwa bila kuruka hata moja, huku mimi nikitamani aniruke. Nilipokimbilia jikoni nilimkuta Mama Kyalo, ambaye nyumba yake imepona, analia juu ya sufuria ya wali.

Jumatatu nilienda ofisi ya mipango nikaeleza kwamba aliyesema hapingi ni mimi, si Nau. Karani akanijibu bila ubaya wowote, "Lakini dada, sauti yako naijua. Si ni wewe uliyekuwa unatutangazia redioni siku ya mwisho ya kupinga?" Watu kwenye foleni wakageuka. Mmoja akasema, "Ni yeye." Nikatoka.

Jioni hiyo niliketi karibu na kiti cha kamba nikajaribu kueleza habari ya daktari. Nau akasikiliza. "Presha ingepanda," akasema, "ningemeza dawa. Kwani dawa ni za nini?"

Sasa anakaa nasi kwenye nyumba ya kupanga, Machakos mjini. Fidia wanasema itakuja. Milango ya ile nyumba aliing'oa mwenyewe kabla haijabomolewa, akaisimamisha kwenye korido yetu, na tunapita kando kando.

Wiki iliyopita nilimwendea mbele ya Musyoka, nikapiga magoti, nikamwapia kwamba sitamficha tena jambo lolote, liwe zuri au baya, hata kama daktari gani amesema nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Musyoka akamwuliza, "Ni kweli?"