Sensa Tatu kwa Gari Moja

Mwenye gereji alijiita Daktari, na ili watu wasisahau alivaa koti jeupe. Lilikuwa jeupe pe, maana tangu alinunue hajawahi kuinama chini ya gari. Kazi yake ilikuwa kuchomeka mashine ya kupima chini ya usukani, kukunja uso kama anayesoma wosia, kisha kutamka, "Mashine imesema." Wateja, watu wazima wenye akili zao timamu, waliitikia kwa vichwa.

Aliyeinama alikuwa fundi umeme, waliyemwita Mita kwa sababu ya mita ndogo ya kupimia umeme iliyoning'inia shingoni mwake mwaka nenda mwaka rudi. Mkewe alidai kwamba hata kwenye picha za harusi inachungulia chini ya tai. Miaka kumi na miwili Mita alijua fika kwamba bosi wake anasoma bahasha tu, barua haifungui. Miaka kumi na miwili alifunga mdomo. Tusimpambe: ukimya wake ndio uliolifua lile koti.

Ndipo mkunga wa zahanati akarudi kwa mara ya nne. Gari lake kuukuu lilikuwa linazima kila likipata moto, na safari moja lilizima katikati ya njia panda, mama mwenye uchungu akiwa kiti cha nyuma. Mara tatu Daktari alitangaza kwamba sensa ya krenki imekufa, kile kidude kinachoiambia injini lini iwashe moto. Mara tatu Mita alitumwa kuibadilisha.

"Sensa mara tatu?" mkunga aliuliza. "Sisi watu wenyewe tunahesabiwa mara moja kwa miaka kumi."

Mita alicheka. Daktari hakucheka. Alisema basi ugonjwa ni injini yenyewe, na dawa yake ni kuliuza gari lilivyo. Kwa bahati njema, bahati ya ajabu kweli, shemeji yake alikuwa analitaka, na tayari alikuwa ameketi kwenye benchi na karatasi za mauziano mapajani. Mkunga akaishika kalamu. Bila gari, wazazi wa vilimani wangemsubiri aje kwa miguu.

Mita alikuwa anaitazama mashine iliyoachwa kwenye kiti cha gari, kioo chake bado kikiwaka.

"Dada, subiri kwanza usitie sahihi," alisema. "Bosi, hapa pameandikwa saketi."

"Saketi ya nini?"

"Saketi ya sensa. Wewe umesoma sensa, ukaishia hapo."

Saketi ni njia nzima ya umeme: sensa, plagi na waya. Mita aliwasha injini akaiacha ingurume, shemeji akiangalia saa kama mwenye ndege ya kuwahi. Ilipopata moto ikakohoa, ikazima. Akaingia chini. Sensa aliipima, nzima. Waya aliupima mwanzo hadi mwisho, mita ikakaa kimya: umeme haupiti. Akaufuata kwa kidole mpaka alipoukuta umelalia bomba la moshi, ganda limeyeyuka, shaba ndani imekatika. Ukipoa ncha zinagusana, ukipata moto zinaachana. Klipu ya kuuweka mbali na bomba haikuwepo.

Alitoka akiwa na masizi hadi kwenye nyusi. Angeweza kumtupia lawama mwenye koti, na angekuwa na haki.

"Dada, mikono yangu imepita hapa mara tatu," alisema. "Niliambiwa sensa, nikabadilisha sensa. Sikuangalia."

Mkunga akaichomeka kalamu mfukoni. "Basi angalia sasa."

Akaunga waya mpya, akauvisha ganda, akaufunga kwa klipu mbali na joto. Mkunga alizunguka na gari mtaa baada ya mtaa, akapanda mlima wa zahanati, akashuka, akarudi injini ikinguruma. Hakuizima hata alipompa shemeji kalamu yake kupitia dirishani.

Daktari aliwaeleza waliokuwepo kwamba siku zote alishuku waya. Kesho yake alimchomekea mteja mwingine mashine, akakunja uso. "Mashine imesema saketi," akatamka, na mteja akaitikia kwa kichwa.

"Saketi ya nini?" sauti ikauliza kutoka chini ya gari.

Daktari akalazimika kuinama kusoma upya.