Nilikwenda Brindisi kuchukua udongo wa kaburi la mdogo wangu, nimerudi London na mfuko mtupu

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum.

Mimi ni mzee, naishi Stratford. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na umri huu sina faida ya kuwadanganya.

Mdogo wangu Aloyce alikuwa baharia. Aliugua melini, akashushwa Brindisi, mji wa bandari kusini mwa Italia, akafia hospitali. Kumrudisha nyumbani Rombo hatukuweza. Parokia ya pale ikamzika, Mungu awabariki.

Ukoo wetu, mtu akizikwa ugenini, udongo wa kaburi lake huletwa ukazikwe kihambani, kwenye migomba walipolala wazazi. Bila hivyo msiba haujaisha. Dada yetu mkubwa, Filomena, akanishonea mfuko wa kitambaa. Mwezi uliopita nikapanda ndege pale Stansted.

Mji ni mzuri, nisiwe mchoyo. Bahari imeingia hadi katikati ya majumba. Juu ya ngazi za bandarini kuna nguzo ya Warumi, wanasema barabara kutoka Roma iliishia hapo. Nilisali rozari nikiitazama. Nilikuwa na amani, wakuu.

Makaburini, mlinzi akanipeleka mbele ya ukuta.

Ukuta wa zege, una vyumba vyumba kama masanduku ya posta. Wanazika humo. Aloyce yuko safu ya juu kabisa, nyuma ya kipande cha marumaru. Nilipokanyaga ni saruji. Udongo hakuna.

Kuna ngazi ya magurudumu ya kupandia. Magoti yangu yakakataa. Mama mmoja aliyemletea marehemu mumewe maua akaelewa bila lugha. Akapanda, akaweka kiganja kwenye jiwe la Aloyce, akashuka, akanishika mkono kwa kiganja kilekile.

Nikampigia mke wangu.

"Baba Neema, si uchote hapo getini? Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Dada atalilia udongo usiomjua Aloyce."

Kisha nikampigia dada.

"Ukutani? Kama vyombo?"

"Ndiyo, dada."

"Hata mvua haimfikii?"

"Haimfikii."

"Shimo nimeshachimbisha, pembeni ya mama. Sasa nifukie nini?"

Namshukuru Mungu kwa kunifikisha salama, lakini tangu nirudi, kila nikishika rozari nasikia swali lile, na sala inakatika.

Nililojifunza: mlio ughaibuni, ndugu akifa msiulize anazikwa wapi tu, ulizeni na anazikwaje. Sisi tuliuliza mji, ukatutosha.

Mlioko Italia, na wenye mapadre kwenye ukoo, nishaurini. Nasoma kila mchango, hata wa kunikosoa.

Dada hajalifukia shimo. Masika yameanza, amelifunika kwa bati.