Siagi ya Mzee wa Bandani

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane nilikula siagi isiyokuwa yangu, na asubuhi yake ng'ombe wetu akafa. Naanza na hilo kwa sababu nimelibeba miaka mingi, na kwa sababu Krismasi iliyopita, hapa hapa Pasiansi, Mwanza, nililitua mbele ya watu nikiwa nacheka.

Bibi yangu ndiye aliyenilea. Ni Mhaya kwa mama yake. Baba yake alikuwa Mswidi, fundi seremala aliyevuka bahari kuja kupaua makanisa upande wa Bukoba. Hakuja kuhubiri, Bibi hupenda kusisitiza, alikuja na msumeno. Alifariki Bibi akiwa bado msichana mdogo, akamwachia pua ndefu, bakuli la mti alilolichonga kwa mkono wake, na Mzee wa Bandani.

Mzee wa Bandani ni mfupi kama mtoto wa miaka mitatu, huvaa kofia nyekundu, na hukaa kwenye banda la mifugo akiilinda. Ujira wake wa mwaka mzima ni bakuli moja la uji wa mchele uliopikwa kwa maziwa, jioni ya mkesha wa Krismasi, na donge la siagi juu yake. Hivyo ndivyo baba yake alivyomfundisha Bibi, naye alipoolewa Mwanza akaja na desturi yake.

"Siagi ionekane juu," Bibi aliniambia kila mwaka. "Akiikosa, ng'ombe hasimami."

Jioni ile alinituma nipeleke bakuli bandani huku yeye akijifunga kitambaa cha kwenda kanisani. Uji ulikuwa wa moto na siagi imeanza kuyeyuka pembeni. Nikajiambia nitalamba kidogo tu, pale inapochuruzika, maana ingepotea bure. Kila aliyewahi kuwa mtoto anajua hiyo kidogo iliishia wapi. Tukaenda kanisani, nikaimba kwa sauti kuliko watoto wote.

Asubuhi Bihogo, ng'ombe wetu wa pekee, alikuwa amelala, tumbo limevimba, na kabla ya kengele ya ibada akawa amekufa. Leo najua kwamba ng'ombe akila majani mabichi kupita kiasi anaweza kufa hivyo. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba nimemuua mimi.

Majirani walikuja kutoa pole. Mama Kulwa, ambaye nyumba yake inapakana na yetu, akaliona lile bakuli karibu na kichwa cha ng'ombe, akauliza ni la nini. Bibi hajui kudanganya. Akaeleza yote, mpaka kofia.

"Baba yako, Mzungu wa kanisa, alishe mizimu?" Mama Kulwa alisema. "Usimsingizie marehemu."

Kesi ikaishia hapo. Mzungu aliyejenga kanisa hawezi kuwa na mambo kama hayo, kwa hiyo mambo ni ya Bibi mwenyewe. Hakuna aliyetamka neno mchawi mbele yake. Waliacha tu kula chakula chake. Kina mama wa kanisani wakamtoa kwenye zamu ya kupika sikukuu, na alipopeleka chakula msibani, sufuria zake zilirudi zimejaa. Nilimwona akizimwaga nyuma ya nyumba. Na mimi niliyekula siagi nikanyamaza.

Nilipokuwa mtu mzima, mwalimu wa shule Nyakato, nikaanza kumtafuta yule seremala. Sikutaka ukoo wa Kizungu wa kujivunia. Nilitaka shahidi. Kitabu cha ubatizo cha kanisa moja alilolipaua kilikuwa na jina lake kamili na la kijiji chao. Niliandika barua nyingi, na siku moja likaja jibu la Ingrid, mjukuu wa kaka yake. Krismasi iliyopita akatua Mwanza, mama wa miaka sabini mwenye pua ya Bibi. Walishikana mikono mlangoni wakalia, kabla hata sijaanza kutafsiri.

Majirani nilikuwa nimewaalika makusudi jioni ya mkesha. Walikunywa soda, wakamsalimia mgeni, na sufuria ya uji wa Bibi ikakaa mezani bila kuguswa. Nikamuuliza Ingrid kwa Kiingereza, bila kumdokeza lolote, utotoni kwao walifanya nini jioni ya mkesha.

"Anasema bibi yake alipeleka uji wa mchele bandani," nikatafsiri. "Kuna mtu mdogo humo, ana kofia nyekundu."

Mama Kulwa, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, akainua kichwa. "Muulize, akikosa siagi?"

Nikamuuliza. "Anamuua ng'ombe," nikatafsiri.

"Na kanisani wanakwenda?"

"Wanatoka bandani, wanakwenda kanisani."

Mama Kulwa akachukua sahani, akamnyooshea Bibi kwa mikono miwili. "Mama, nipakulie."

Alikula, akaongezwa. Wengine wakafuata, na uji ukaisha mpaka Ingrid akaambulia ukoko. Bibi, ambaye amevuka tisini, alisimama muda wote huo na upawa wake, akikataa kiti. Sijawahi kuona mtu aliyesimama wima namna ile.

Nilifurahi mpaka ulimi ukalegea. "Bibi, ile siagi niliila mimi."

"Najua," alisema. "Ulikuwa nayo kidevuni kanisani."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangeacha kula na wewe. Mimi nilikuwa mtu mzima, naweza kula peke yangu."

Nilikuwa nimeandika barua hadi ng'ambo ili nimlinde Bibi, kumbe miaka yote hiyo aliyekuwa akilindwa ni mimi. Nikamtafsiria Ingrid, naye akavua miwani akaifuta.

Kabla ya kanisa nilipeleka bakuli bandani, ambamo siku hizi wamo mbuzi wawili tu. Ulikuwa uji ambao Bibi alikuwa ameutenga mapema, na juu yake niliweka madonge mawili ya siagi, moja la mwaka huu na moja la mwaka ule. Mama Kulwa alinifuata nyuma na fimbo yake, ahakikishe silambi.